Pima Mbegu Kabla Hujazifukia

Wiki mbili baada ya mvua za kwanza, shambani husikika lalamiko lile lile: mbegu hazikuota. Mashimo ni matupu, mistari ina mapengo, na mwenye shamba analaumu duka la pembejeo, au ndege, au panya, au mvua yenyewe. Pengine lawama hiyo ni ya haki, maana mbegu bandia zipo na waharibifu wapo. Lakini mara nyingi mbegu ilikuwa imekwisha kufa ghalani miezi kadhaa kabla ya kupandwa. Au ilifika shimoni ikiwa hai, ikafia humo humo: imefukiwa mno, imekosa hewa, au imeanza kuota kwa manyunyu ya siku moja kisha ikakaushwa na jua la wiki nzima.

Hayo yote yana sababu zinazojulikana, na karibu yote yanazuilika. Mwongozo huu unaeleza kinachotokea ndani ya mbegu tangu ikiwa kavu mpaka mche unapojitegemea, pamoja na la kufanya katika kila hatua. Ukisahau mengine yote, shika hili: usipande mbegu usiyoipima. Kipimo chenyewe hakihitaji maabara wala fedha. Kinahitaji kitambaa, maji safi na siku saba hadi kumi na nne, kutegemea zao.

Mbegu kavu ni kiumbe hai

Loweka punje chache za maharage usiku kucha, asubuhi uzimenye. Kila punje itaachana mapande mawili, na upande wenye kovu utaona kijimche kidogo kimelala, chenye kimzizi na vijani viwili vilivyokunjwa. Hicho ndicho kiinitete. Yale mapande mawili, ambayo shuleni huitwa kotiledoni, ni chakula chake cha siku za mwanzo. Punje ya hindi nayo ukiipasua kwa urefu utaona kiini upande wa ncha iliyoshika gunzi, na sehemu kubwa iliyobaki ni wanga. Panya hupenda kuanza na kiini hicho. Ndiyo maana hindi linaweza kuonekana limejaa, lina uzito wake, na bado lisiote kamwe: kilichoguguna ghalani kimekula mche na kuacha unga.

Mbegu kavu inapumua, ingawa kidogo mno, na kadiri siku zinavyopita inachakaa. Unyevu na joto ndivyo vinavyoharakisha uchakavu huo. Mtaalamu wa mbegu wa Marekani, James Harrington, aliacha kanuni mbili ambazo watunza mbegu wanazitumia hadi leo. Kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, umri wake huongezeka maradufu. Na kila unaposhusha joto la mahali inapohifadhiwa kwa nyuzi 5 hivi, umri huo huongezeka maradufu tena. Kanuni hizi ni za makadirio, lakini uzifanyie hesabu uone uzito wake: mbegu ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 12 itadumu karibu mara nane zaidi ya ile yenye asilimia 15, hata zikikaa chumba kimoja. Gunia lililosukumwa juu darini, chini ya bati linalochomwa na jua mchana kutwa, linapoteza uhai kwa kasi ambayo macho hayawezi kuiona.

Utajuaje kwamba mbegu imekauka vya kutosha na huna kipima unyevu? Tafuta chupa ya kioo iliyo kavu kabisa na yenye kifuniko. Weka mbegu hadi robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika mbili au tatu, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mbegu bado ina unyevu wa asilimia 15 au zaidi. Irudishe kwenye turubai. Chumvi ikianguka yote chini, unyevu umeshuka chini ya hapo; ianike kidogo zaidi, kisha uifunge. Anika kwa jua la asubuhi au mahali penye upepo na kivuli chepesi. Usianike juu ya bati wala lami saa saba mchana, kwa sababu joto la hapo hupanda kupita nyuzi 40 na linaweza kuua kiinitete huku punje ikibaki nzuri kwa kula.

Baada ya hapo weka kwenye chombo kisichopitisha hewa, dumu au kopo lenye mfuniko wa kubana, ulijaze hadi juu na kulikalisha mahali pa baridi ndani ya nyumba. Ila chombo cha namna hiyo ni kwa mbegu kavu tu. Mbegu mbichi ukiifungia itavunda.

Aina nazo hazifanani. Mbegu ya kitunguu huchoka upesi, na ile iliyobaki mwaka jana usiitegemee bila kuipima. Maharage yaliyohifadhiwa vizuri huweza kufika misimu kadhaa. Upande wa pili kabisa kuna mbegu ya mtende iliyochimbuliwa Masada, katika jangwa la Israeli, ikiwa na umri wa miaka ipatayo 2,000. Ilipandwa mwaka 2005, ikaota. Ukavu wa mahali pale ndio ulioitunza.

Kuna kundi ambalo kanuni za Harrington hazilihusu hata kidogo: embe, parachichi, fenesi, kakao. Hizi zikikauka hufa. Kokwa la embe likikaa juani wiki mbili halifai tena. Ukila embe ambalo unataka kulipanda, lisafishe kokwa, fungua ganda lake gumu kwa uangalifu utoe punje ya ndani, uipande ndani ya siku chache, mgongo wake uliopinda ukiangalia juu.

Jinsi ya kupima

Koroga mbegu zako vizuri, chota kutoka juu, katikati na chini ya chombo, kisha uhesabu punje 100 bila kuchagua. Kutochagua ni muhimu. Ukiokota zile nene na zinazong'aa tu, utakuwa umepima mbegu ambazo si zile utakazopanda.

Chukua kipande cha kanga kuukuu au kitambaa kingine cha pamba, ukichemshe, ukikamue hadi kisidondoshe maji. Panga punje safu kumi za punje kumi kumi zisizogusana, funika kwa upande mwingine wa kitambaa, ukikunje taratibu, ukitie kwenye mfuko wa plastiki ambao hukuufunga mdomo. Weka kivulini, mahali pasipo na baridi kali. Kila siku kifungue kipate hewa, nyunyizia ukiona kinakauka. Anayependa anaweza kutumia trei au karai la mchanga uliooshwa. Kwa mahindi na maharage mchanga ni bora zaidi, kwa sababu unaonyesha pia kama chipukizi lina nguvu ya kusukuma juu.

Mahindi yahesabu mara mbili, siku ya 4 na siku ya 7. Maharage siku ya 5 na ya 9. Kabichi hadi siku ya 10, kitunguu hadi 12, nyanya na mchicha uzipe hadi 14. Hesabu kama imeota ile tu yenye mzizi na chipukizi vyote viwili, vikiwa vizima. Iliyotoa mzizi pekee ikakwama, iliyovunjika shingo, iliyoota ukungu mpaka ikalainika, hizo ziweke upande wa zilizokufa. Na usidanganywe na kuvimba. Hata mbegu iliyokufa hunywa maji ikavimba, kwa kuwa wanga na protini yake bado vinafyonza.

Tazama pia mwendo. Mbegu iliyofikisha 85 siku ya 4 na nyingine iliyofikisha 85 siku ya 7 zina alama moja kwenye karatasi, lakini shambani si sawa. Ile ya polepole imezeeka. Ikikutana na udongo wa baridi, tabaka gumu juu ya ardhi au wadudu, itashindwa mapema. Mimi ningeichukua ya kwanza hata kama ingekuwa pungufu kidogo.

Sasa utumie namba uliyopata. Tuseme unapanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Ekari moja itakuwa na mashimo 9,000 hivi. Kama mbegu zinaota kwa asilimia 90, uwezekano wa zote mbili kushindwa katika shimo moja ni mmoja kwa mia, kwa hiyo utegemee mashimo 90 matupu, jambo dogo. Zikiwa zinaota kwa asilimia 70, matupu yanafika 810. Zikiwa asilimia 50, ni 2,250: robo ya shamba lako ambalo umeshalilima, umeshalitia mbolea na utalipalilia. Kwenye ile ya asilimia 70 ukitia mbegu tatu badala ya mbili, matupu yanashuka hadi 240 hivi. Huo ndio uamuzi ambao kipimo kinakuwezesha kuufanya kabla ya mvua, wakati bado una nafasi.

Kwa mazao ya nafaka na kunde, mbegu ya 85 na kuendelea ipande kama kawaida. Kati ya 70 na 85 ongeza mbegu shimoni, uwe tayari kupunguza miche. Chini ya 70 tafuta nyingine. Ile iliyoshindwa inaweza kuliwa, isipokuwa kama imepakwa dawa: punje yenye rangi ya waridi, nyekundu au kijani kutoka kiwandani haifai kwa binadamu, kuku wala ng'ombe, hata ukiiosha.

Maji, hewa, joto

Mbegu inapokutana na maji, kwanza hufyonza. Hindi linahitaji maji karibu theluthi ya uzito wake ndipo lianze kuota. Haragwe linahitaji karibu nusu. Kisha huja kipindi ambacho kwa nje hakionekani kitu, lakini ndani kazi ni kubwa. Kiinitete hutuma kichocheo kwenye tabaka jembamba linalozunguka wanga, tabaka hilo hutoa vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo huuvunja wanga kuwa sukari ya kulisha mche. Hii ndiyo kazi ile ile wanayoitegemea watengeneza kimea. Ulezi ukilowekwa, ukavundikwa mpaka ukachipua, kisha ukakaushwa na kusagwa, vimeng'enya vyake vinabaki hai, na ndivyo vinavyoulainisha uji mzito na kuipa togwa utamu wake. Hatua ya tatu ni mzizi kutoboa ganda.

Ukishaelewa mpangilio huu utaona hatari ya mvua ya udanganyifu iko wapi. Kabla mzizi haujatoka, mbegu inaweza kunywa maji, ikakauka tena na kubaki hai. Mzizi ukishatoka hakuna kurudi nyuma. Udongo ukikauka siku kumi, mche umekwisha. Kwa hiyo mvua ya kupandia ipime kwa jembe. Chimba kina cha sentimita 15, chota udongo wa chini ufinyange mkononi. Ukishikana, panda. Ukimwagika kama vumbi, subiri, hata kama juu pameloa na jirani ameshaanza.

Kwa sababu hiyo hiyo kuloweka kunasaidia. Mahindi yaliyolowekwa usiku mmoja, saa 12 hivi, yakakaushwa unyevu wa juu na kupandwa siku hiyo hiyo kwenye udongo wenye unyevu, hutangulia yale makavu. Mtama unatosheka na saa 8 hadi 10. Wakulima wa mpunga wa umwagiliaji wanakwenda mbali zaidi: huloweka saa 24, huvundika kwenye gunia saa 24 hadi 48 mpaka vichipukizi vyeupe vionekane, ndipo wanasia kitaluni. Maharage na soya usiziloweke. Hunywa maji kwa pupa, ganda hupasuka na mapande huvunjika. Mbegu zilizopakwa dawa pia usiziloweke, na usiloweke mbegu yoyote ukiwa huna hakika na unyevu wa ardhini, maana hapo umeiondolea ile nafasi ya kusubiri.

Hewa wengi huisahau. Mbegu inayoota inapumua kwa nguvu, na udongo uliojaa maji hauna hewa. Kwenye udongo mzito wa mbuga, shimo lililotuama maji siku mbili tatu linaozesha mahindi na maharage. Mahali pa namna hiyo panda juu ya matuta. Mpunga pekee, miongoni mwa nafaka zetu, unaweza kuota chini ya maji: hutanguliza chipukizi lipande kutafuta hewa, na mzizi hufuata baadaye.

Joto linaamua kasi. Hindi halisogei chini ya nyuzi 10. Pwani, penye udongo wa nyuzi 28 au 30, litatokeza siku ya nne au ya tano. Njombe au Limuru wakati wa baridi laweza kuchukua siku kumi mpaka kumi na nne, na mwenye haraka akalifukua bure. Saladi ni kinyume chake. Udongo ukizidi nyuzi 30 mbegu zake hugoma, na ndiyo sababu wakazi wengi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa huamini kwamba wameuziwa mbegu mbovu. Lowesha mbegu ya saladi kwenye kitambaa, uiweke sehemu ya kawaida ya friji usiku mmoja au miwili, usie jioni, ukiweka kivuli. Tena usiifukie: saladi, kama mbegu nyingine nyingi ndogo, huota vizuri ikipata mwanga. Ikandamize tu juu ya udongo.

Hapo tumefikia kina. Kanuni ya kushika ni kwamba mbegu kubwa iende chini zaidi na ndogo ifukiwe kidogo. Hindi liende sentimita 5, na kwenye mchanga mkavu hadi 7. Maharage 3 hadi 5. Mchicha nusu sentimita, na kwa kuwa mbegu zake ni vumbi tupu, zichanganye na mchanga mkavu ili zimwagike kwa usawa. Nyanya na kabichi sentimita 1. Mbegu ndogo ina akiba ndogo. Ukiizika kina cha hindi, chakula chake kitaisha ikiwa bado gizani. Na mbolea ya kupandia isigusane na mbegu. Iweke kando au chini yake, itenganishwe na udongo wa sentimita 5, la sivyo chumvi yake itaunguza mzizi ule wa kwanza.

Zinazogoma kuota

Mbegu nyingine ni hai, zina maji, hewa na joto, na bado zimelala. Nyingi za miti ya jamii ya kunde, kama migunga, lusina na ukwaju, zina ganda lisilopitisha maji. Mbuyu vilevile. Huko porini ganda hulegezwa na moto, na matumbo ya wanyama, na miaka. Wewe unaweza kukwangua kidogo kwa jiwe au kisu upande ulio mbali na kiinitete mpaka uone weupe wa ndani, kisha uiloweke usiku mmoja. Kwa wingi, tumia maji ya moto: yachemshe, yaepue, uyaache dakika chache, umimine juu ya mbegu za lusina au mgunga na kuziacha humo zipoe hadi kesho yake. Zilizovimba panda, zisizovimba zirudie. Usizichemshe jikoni.

Papai na nyanya zina kizuizi cha namna nyingine. Ule utelezi unaozunguka mbegu una kemikali zinazozuia kuota ndani ya tunda lenyewe. Mbegu za papai zisugue kwenye chujio mpaka utelezi uishe. Za nyanya zikamulie kwenye kikombe pamoja na maji yake, ziache zichachuke siku mbili au tatu, ukoroge mara moja kwa siku, kisha uongeze maji. Nzima zitazama, hafifu zitaelea pamoja na utando. Osha, anika kwenye sahani, si kwenye karatasi ambayo zitaigandia.

Nazi nayo ni mbegu, kubwa kuliko zote unazozijua, na ina njia yake. Katika macho yake matatu moja tu ni laini, na hapo ndipo chipukizi linapopitia, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hadi sita tangu ilazwe kitaluni. Ndani, kotiledoni yake huvimba ikajaza uwazi na kufyonza maji na nyama ya nazi ili kuulisha mche. Hilo ndilo joya ambalo watoto wa pwani hugombania. Ukikuta joya, tambua kwamba nazi hiyo ilikuwa njiani kuwa mnazi.

Mche mpaka ujitegemee

Haragwe na hindi hutoka ardhini kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo ina faida kuijua. Haragwe, na kunde na choroko vilevile, huinua shingo iliyopinda, ikayavuta mapande yake mawili juu ya ardhi. Mwanga ukiigusa, shingo hunyooka na mapande hufunguka. Kazi hiyo inahitaji udongo uliolegea. Mvua kubwa ikigonga udongo mtupu kisha jua likauoka, hujitokeza tabaka gumu na shingo nyingi hukatika chini yake. Pitisha reki kidogo siku ya nne, au tandaza nyasi chache mapema. Hindi huacha punje yake chini, likapenyeza chipukizi jembamba lililovikwa ala. Mbaazi pia huacha mapande yake ardhini.

Sasa angalia kilele cha ukuaji kilipo. Cha hindi hubaki chini ya usawa wa ardhi mpaka mche uwe na majani matano au sita, kwa hiyo mbuzi akilikata likiwa changa laweza kuchipua tena. Cha haragwe kiko juu tangu siku ya kwanza. Sota, wale viwavi wanaokata miche usiku, akilikata chini ya mapande, hakuna kilichobaki. Pitia mistari alfajiri. Ukiona mche umelala, fukua kuzunguka shina, utamkuta amejikunja karibu. Mapengo ya maharage yarudishie ndani ya wiki moja. Mahindi yaliyorudishiwa baada ya siku kumi hivi hufunikwa na wenzake na hayazai kitu cha maana.

Chakula cha mbegu ya hindi hutosha mpaka takriban jani la tatu. Baada ya hapo mche unategemea mizizi na mwanga wake, na huo ndio wakati magugu yanapoumiza zaidi. Palizi ya kwanza isivuke wiki ya tatu. Mwenye miche miwili mitatu inayobanana apunguze siku hizo hizo, udongo ukiwa na unyevu, kwa kung'oa ile dhaifu.

Kitaluni adui mkubwa ni kinyausi: shina la mche hulainika usawa wa udongo, ukaanguka ukiwa bado wa kijani. Kuvu wanaousababisha hupenda unyevu mwingi na msongamano. Sia kwa mistari iliyoachana sentimita 10 au 15, mwagilia asubuhi, ondoa nyasi za kufunikia mara tu unapoona vichipukizi vya kwanza. Ukichelewa kuziondoa hata siku mbili, miche itarefuka, myembamba na ya njano, ikitafuta mwanga. Mche ulioanza hivyo haurudi kuwa mnene. Ile ya kwenye trei dirishani uigeuze kila siku, kwa maana ncha ya chipukizi huhisi mwanga na kulipindisha upande huo, jambo ambalo Charles Darwin na mwanawe Francis walilionyesha mwaka 1880 kwa kufunika ncha za machipukizi ya nyasi na kuona hayapindi tena.

Nyanya huwa tayari kuhamishwa kati ya siku 21 na 30, zikiwa na majani halisi manne au zaidi, bila kuhesabu yale mawili ya mbegu. Kitunguu husubiri wiki sita hadi nane, shina lifikie unene wa penseli. Wiki moja kabla punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo, ili miche izoee jua. Siku ya kuhamisha, mwagilia kitalu kwanza, ng'oa na udongo wake, panda jioni.

Katika mashamba ya mahindi na mtama kuna mbegu nyingine ardhini ambayo hukuipanda. Kiduha hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo mno, zinazoweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri kemikali inayotolewa na mzizi wa nafaka. Zikiihisi huota na kuushika mzizi huo. Kwa hiyo kupanda hindi juu ya hindi kila mwaka ni kuziamsha na kuzilisha. Badilisha na kunde, karanga au alizeti. Huko magharibi mwa Kenya, watafiti wa kituo cha icipe wamewafundisha wakulima kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari. Mizizi yake huiamsha mbegu ya kiduha na kuinyima nafasi ya kushika hindi.

Unaponunua

Mbegu ya aina zisizo chotara, kama Staha au Situka kwa Tanzania na Katumani kwa Kenya, unaweza kuihifadhi mwenyewe misimu michache: chagua magunzi mazuri ya mimea mingi iliyo katikati ya shamba, mbali na la jirani, pukuchua sehemu ya kati ya gunzi. Chotara usihifadhi. Kizazi chake cha pili kitaota vizuri tu, lakini hakitafanana na wazazi wake na mavuno yatapungua.

Dukani, soma lebo: aina, tarehe ya kupimwa, asilimia ya uotaji. Nchini Tanzania lebo ya TOSCI, na Kenya ya KEPHIS, taasisi zinazothibitisha mbegu, ina sehemu ya kukwangua yenye namba ya kuhakiki kwa simu. Ihakiki ukiwa bado mbele ya muuzaji. Nunua mapema, wiki tatu au zaidi kabla ya msimu, udai risiti, utoe punje mia uzipime kama nilivyoeleza. Zikishindwa, rudi dukani na kitambaa chako, mfuko, lebo na risiti, na utoe taarifa kwa afisa kilimo wa kata au wadi yako, ili mbegu hizo zisiuzwe kwa mwingine.